Mpira wa mazoezi, soksi ya goti na dawa ya kuchua: kipi kinafungua kiungo kilichokakamaa

Mtu wa Mtwara au Lindi akilalamikia goti, ushauri hutoka upesi: chua, kisha vaa soksi ya goti. Mpira wa mazoezi, ule utepe wa rangi unaokunjwa ukaingia mfukoni, huonekana mali ya vijana wa kunyanyua vyuma. Tathmini hii inaupa mpira nafasi ya kwanza, dawa ya kuchua nafasi ya pili kwa mbali, na soksi ya goti nafasi ya mwisho kwa mtu asiye na jeraha. Kiungo kilichokakamaa hakijapungukiwa joto wala kubanwa. Kimepungukiwa mwendo: kutembezwa hadi mwisho wa njia yake, halafu kupata nguvu ya kuimudu njia hiyo. Kati ya vitu hivyo vitatu, ni mpira tu unaofanya kazi hiyo.

Ncha za mifupa zinapokutana zimefunikwa na gegedu, tabaka gumu na telezi lisilokuwa na mishipa ya damu. Chakula chake hutoka kwenye ute uliomo ndani ya kiungo. Kiungo kinapobanwa na kuachiwa, ute huingia na kutoka kwenye gegedu kama maji kwenye sifongo. Goti likikaa kwenye pembe moja kutwa nzima, mzunguko huo hupungua, na misuli na kano zinazolizunguka huzoea ufupi ule. Ndiyo maana mbanguaji korosho hunyanyuka kwa kusukuma mapaja kwa mikono, na abiria wa basi la Dar hadi Mtwara, zaidi ya kilomita 500, akishuka stendi hutembea hatua za kwanza kama aliyefungwa kamba. Magoti yao huenda ni mazima kabisa. Yamekosa tu kunyooshwa na kukunjwa.

Sehemu nyingine za dunia mtu anaweza kuishi vizuri na goti linalokunjika nyuzi 110. Kutembea kunahitaji nyuzi 60 hadi 70, kupanda ngazi kama 90, kuinuka kwenye kiti kama 100 na kidogo. Huku Kusini hesabu hiyo haitoshi. Choo cha kuchuchumaa, mbuzi ya nazi, kuokota korosho chini ya mkorosho msimu wa Oktoba hadi Desemba, kuketi tahiyatu baada ya sujudi, vyote vinataka goti lipite nyuzi 130, nyonga ikunjike hadi paja likaribie tumbo, na kifundo cha mguu kiruhusu goti litangulie vidole bila kisigino kunyanyuka. Sindimba nayo inachezwa magoti yakiwa yamelegea na nyonga zikizunguka. Mtu aliyekakamaa kiuno atapiga makofi tu pembeni. Kwa hiyo anayesema "magoti yangu yanatosha, natembea vizuri" bado hajapimwa kwa maisha ya hapa.

Kabla ya kununua chochote, pima. Vua viatu, simama mbele ya ukuta, weka kidole gumba cha mguu sentimita 10 kutoka ukutani, kisha peleka goti liguse ukuta kisigino kikiwa chini. Likigusa, kifundo kiko sawa. Lisipogusa, sogea mbele hadi liguse na uandike umbali. Tofauti ya zaidi ya sentimita 2 kati ya mguu mmoja na mwingine inataka kufanyiwa kazi hata kama hakuna maumivu. Kwa bega, simama mgongo ukutani, nyanyua mikono iliyonyooka na uone kama vidole gumba vinagusa ukuta bila kiuno kujikunja kuacha uwazi mkubwa. Kwa nyonga na goti kwa pamoja, chuchumaa ukiwa umeshika nguzo, hesabu hadi 30. Vipimo hivi vitatu ndivyo vitakavyokuonyesha kama hela yako imefanya kazi.

Mipira iko ya aina tatu. Wa kwanza ni utepe mrefu bapa, upana kama sentimita 15, urefu wa mita moja na nusu hadi mbili. Wa pili ni kitanzi kifupi kinachovaliwa juu ya magoti, mara nyingi huuzwa vitano kwenye kifuko kimoja. Wa tatu ni bomba lenye vishikio. Ukiweza kununua mmoja tu, chukua utepe mrefu. Unafungwa ukawa kitanzi, unakunjwa mara mbili ukawa mgumu, unafaa bega, nyonga, goti na kifundo. Kitanzi kifupi ni kizuri kwa nyonga lakini kwa bega karibu hakina kazi. Bomba lenye vishikio linamfaa mwenye vidole visivyoshika vizuri, ila pale linapoungana na kishikio ndipo linapokatika kwanza, na likikatika hurudi usoni.

Rangi inaonyesha ugumu, lakini kila kiwanda kina mpango wake. Kwa TheraBand, njano ni laini, zinafuata nyekundu, kijani, buluu na nyeusi. Ukiivuta hadi ifike maradufu ya urefu wake, njano inavuta kama kilo 1.3, nyekundu 1.7, kijani 2.1, buluu 2.6 na nyeusi 3.3. Kwenye mipira isiyo na jina, usiamini rangi, jaribu dukani. Kanyaga ncha moja, vuta nyingine mara 12 polepole. Ukimaliza 12 bila kuhisi kitu, ni laini mno. Ukishindwa kufika nane bila kupinda mwili, ni mgumu mno. Mtu mzima asiyezoea mazoezi aanze na nyekundu au inayolingana nayo. Kosa linalotokea mara nyingi ni kununua mgumu kabisa kwa imani kwamba ndio wenye faida. Mpira mgumu hukatiza mwendo nusu ya njia, na nusu ya pili ya njia ndiyo uliyokuwa unaitafuta.

Ukague kabla ya kulipa. Unyooshe kidogo kuelekea kwenye mwanga, tafuta vitundu kama vya sindano, mipasuko ya pembeni na weupe unaotokea unapovuta. Weupe wenye vijimstari ni dalili kwamba mpira umezeeka ungali dukani, hasa ule ulioning'inizwa mbele ya duka ukapigwa jua. Unaonata wenyewe kwa wenyewe nao umeshaanza kuharibika. Mingi imetengenezwa kwa mpira wa asili, kwa hiyo ambaye glavu za hospitali humwasha ngozi atafute iliyoandikwa kwamba haina lateksi.

Hali ya hewa ya pwani yetu haiupendi mpira huu. Jua, joto, chumvi ya bahari na mafuta ya kujipaka huula. Anayefanya mazoezi ufukweni Shangani au Mikindani ausuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi akifika nyumbani, autandaze kivulini ukauke, kisha aupake unga kidogo wa wanga wa muhogo au poda ya mtoto ili usishikane. Usiutundike kwenye msumari, usiuache kwenye dashibodi ya gari, wala kwenye boksi la bodaboda. Usiuvute kupita mara mbili na nusu ya urefu wake. Ukifunga fundo, lifungue baada ya kazi, maana mpira hukatikia fundoni. Pete na kucha ndefu ni adui wa pili.

Pasipo duka la michezo, kwa mfano vijiji vya Tandahimba au Liwale, fundi baiskeli ana mbadala wa heshima. Tyubu chakavu ya baiskeli ya 28, ikikatwa pale kwenye valvu, inatoa utepe wa karibu mita mbili. Ioshwe kwa sabuni kuondoa poda na grisi, na sehemu zenye viraka zikatwe zitupwe. Tyubu nyingi ni za butili, aina inayostahimili jua na hewa kuliko mpira wa asili, hivyo hudumu. Kasoro yake ni ugumu: huvutika kidogo na hurudi kwa nguvu. Inafaa kwa goti na nyonga za mtu mwenye nguvu, haifai kwa bega linalouma. Ukiipasua kwa urefu ukapata nyuzi mbili nyembamba, ugumu hupungua, lakini ukingo uliokatwa kwa wembe wenye meno huanza kuchanika palepale. Tumia mkasi mkali, ukate kwa mkato mmoja mrefu.

Sasa matumizi. Kifundo cha mguu kije kwanza, kwa sababu kikikakamaa goti na kiuno hulipa deni lake. Funga mpira kwenye mguu wa kitanda kizito, chini kabisa. Ingiza mguu kwenye kitanzi ukiwa umekipa kitanda mgongo, mpira ukae mbele ya kifundo, chini ya yale macho mawili ya mfupa; ukikaa juu yake unavuta mfupa wa muundi na kazi inapotea. Piga hatua mbele mpira ukaze, kisha peleka goti mbele kuelekea kidole cha pili, kisigino kikiwa chini, rudi. Mara 12, mizunguko miwili kila mguu. Kisigino kikinyanyuka umejidanganya, punguza umbali.

Goti lina kazi mbili tofauti na watu wengi hufanya moja. Kukunja hakuhitaji mpira, kunahitaji kitambaa kisichovutika, na hapo kanga inashinda kifaa chochote cha dukani. Kaa kwenye mkeka mguu umenyooka, zungushia kanga iliyokunjwa kwenye kifundo, vuta kisigino kije kwenye kalio hadi uhisi mkazo mbele ya goti, tulia sekunde 30, achia. Mara nne. Kunyoosha ndiko kunakotaka mpira: keti kwenye kiti, funga kitanzi kati ya kifundo na mguu wa nyuma wa kiti, nyoosha goti kwa sekunde tatu, lishikilie mbili, lirudishe kwa tatu. Mara 10, mizunguko mitatu. Mguu ukirudi kwa kasi umepoteza nusu ya faida, kwani misuli ya paja inajenga nguvu pia inapoachia polepole. Goti likilia "ka ka" bila maumivu wala uvimbe si dalili kwamba mifupa inasagana, endelea.

Nyonga: lala ubavu, magoti yamekunjwa, kitanzi juu ya magoti, nyayo zimeshikana. Fungua goti la juu kama chaza anavyofungua kombe, kisha funga polepole. Mara 15 kila upande. Kosa lake ni moja tu, kiuno kuviringika kurudi nyuma ili goti lionekane limepanda. Weka mgongo ukutani na kosa hilo litakwisha lenyewe.

Bega linaanzia kwenye fimbo ya ufagio. Lala chali, shika fimbo kwa mikono miwili, ipeleke juu ya kichwa mpaka inapokataa, tulia sekunde tano, irudishe, mara 10. Fimbo iwe nyepesi. Zile nzuri za mpingo wa Kilwa ziacheni, mti ule huzama majini kwa uzito na bega linalouma halihitaji kilo ya ziada. Likishafunguka, shika mpira mbele ya kifua viganja vikitazama juu, utanue mikono kuelekea pembeni hadi uguse kifua, rudisha. Mara 12. Mabega yakipanda kuelekea masikioni, mpira ni mgumu kuliko uwezo wako. Kwa wavuta nyavu na wapiga kafi zoezi hili lina thamani kubwa, kwa vile kazi yao huvuta mabega mbele kila siku na hakuna kinachoyarudisha nyuma.

Kazi yote hii inachukua kama dakika 20. Mara tatu kwa wiki zinatosha kwa mpira, siku za katikati fanya kanga na fimbo tu. Maumivu yasizidi tatu kati ya kumi, na kesho yake asubuhi yawe yametulia. Yakiamka nawe, punguza idadi kwa nusu, usiache kabisa. Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa 2020, linataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, na mazoezi ya nguvu siku mbili au zaidi. Mpira unakulipia hizo siku mbili. Zile dakika bado utazidai kwa kutembea.

Soksi ya goti ina faida yake, si bure kabisa. Inatia joto, inabana kidogo, na ngozi ikiguswa mtu huhisi goti lake liko wapi, kwa hiyo hukanyaga kwa kujiamini. Anayebeba gunia la korosho kwa saa mbili anaweza kuivaa saa hizo mbili. Ila haiongezi hata nyuzi moja ya mwendo, na haiwezi kushika goti lililokatika kano. Hilo linataka kifaa chenye vyuma, kwa maelekezo ya hospitali. Saizi ndiyo inayowaangusha wanunuzi. Baadhi ya viwanda hupima mzingo wa goti katikati, vingine hupima paja sentimita 10 juu ya goti, basi soma pakiti na uende na futi ya fundi cherehani. Ikiteremka, ni kubwa. Ikiacha mfereji kwenye ngozi, ikitia ganzi au mguu ukavimba chini yake, ni ndogo, ivue mara moja. Usilale nayo. Na kwa jasho la Lindi wakati wa masika, soksi moja ikivaliwa kutwa siku tatu bila kufuliwa italeta fangasi na vipele, kwa hiyo ambaye kweli anaihitaji anahitaji mbili.

Dawa za kuchua zenye mentholi, kafuri au zile zenye harufu kali ya methili salisilati huituliza ngozi na neva zake. Hazifiki kwenye gegedu. Thamani yake ni kufungua mlango: paka, subiri dakika 10, fanya mazoezi wakati maumivu yamepungua. Anayechua halafu akaketi amenunua nusu saa ya raha. Usifunge bandeji juu yake wala kuweka maji ya moto, ngozi itaungua. Osha mikono kabla ya kugusa macho. Na anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda amuulize kwanza mfamasia. Rola ya sponji ya kujiviringishia inalegeza misuli kwa muda mfupi tu, na chupa ya maji ya lita moja na nusu iliyojazwa inafanya kazi hiyo vigimbini. Vidonge vya glukosamini, vile vinavyouzwa kwa ajili ya viungo, vimechunguzwa kwa miaka mingi na majibu yanapingana. Hela hiyo bora inunue mpira wa pili.

Kuna viungo ambavyo mpira usiviguse. Goti jekundu, la moto, lililovimba pamoja na homa ni la hospitali siku hiyohiyo, iwe Ligula kwa Mtwara au Sokoine kwa Lindi, kwa sababu usaha ndani ya kiungo hula gegedu kwa siku chache. Kidole gumba cha mguu kilichowaka usiku hadi shuka haliguswi huenda ni jongo, na jongo halitibiwi kwa kuvuta mpira. Mwenye selimundu akiwa kwenye maumivu asianze zoezi hata moja. Bega lililokataa kwenda upande wowote kwa mtu wa miaka 40 hadi 60, hasa mwenye kisukari, huenda limeganda, na kulilazimisha kwa mpira mgumu huongeza maumivu. Libaki kwenye fimbo hadi mtaalamu wa fiziotherapia alione.

Viungo vya baada ya chikungunya, homa inayoenezwa na mbu, vinastahili neno la peke yake, kwani ugonjwa huo ulitambuliwa mara ya kwanza uwandani kwa Wamakonde, upande wa Newala, mwaka 1952. Jina lake limetoka kwenye Kimakonde, likimaanisha kupinda, kukunjika, kwa jinsi mgonjwa alivyoinama kwa maumivu ya viungo. Homa huisha kwa siku chache. Vidole, viganja na vifundo vinaweza kukakamaa kwa wiki hata miezi. Kipindi cha homa ni kupumzika. Homa ikiisha, anza na maji ya uvuguvugu kwenye beseni asubuhi: fumbata na kufumbua vidole mara 20, zungusha viganja, zungusha vifundo. Mpira wa njano uingie pale tu mkono unapofumba bila uvimbe kurudi kesho yake.

Baada ya wiki sita rudi ukutani upime tena. Kifundo kilichosogea kutoka sentimita 6 hadi 9 kimelipa gharama ya mpira, na sasa panda rangi moja. Kisiposogea kabisa na umefanya mara tatu kila wiki, kisigino chini, bila kudanganya, huenda hitilafu haiko kwenye misuli bali ndani ya kiungo chenyewe. Chukua vipimo ulivyoandika, uende navyo kwa mtaalamu wa fiziotherapia.